Siku niliyosema breka ina mdudu

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kuna jambo lililonipata kazini, na nimekuwa nikijiuliza kama niliweke hapa au niliache lipite. Nimeamua kuliweka.

Leo sitaandika juu ya lugha za kuprogramu wala simu mpya. Nitaandika juu ya breka ya stima. Ndiyo, kile kidude kinachokata umeme nyumbani unapowasha pasi na kikaangio kwa pamoja. Kama wewe ni mtu wa tarakilishi kama mimi, usikimbie. Ndani ya breka kubwa za siku hizi mna programu, na ni programu hiyo iliyonitia adabu.

Baba na waya mnene

Lazima nianzie nyumbani. Baba yangu ni fundi wa stima, Likoni, Mombasa. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa nikimbebea sanduku la vifaa siku za Jumamosi. Kulikuwa na jirani mwenye kinu cha posho, na fyuzi ya kinu chake ilikuwa ikiungua kila siku mbili tatu. Siku moja akamwambia Baba, "Fundi, mimi nimechoka. Niwekee waya mnene hapo mambo yaishe."

Baba alikataa. Alimwambia beringi za mota zimekufa, mota inajivuta, kwa hiyo inakula umeme mwingi. Fyuzi inasema kweli. Yule jirani akakasirika, akamwita fundi mwingine ambaye aliweka waya mnene kwa dakika tano na kulipwa. Sisi tukarudi nyumbani mikono mitupu, na viatu vyangu vya shule vikasubiri muhula mwingine. Nakumbuka nilimwona Baba kuwa mtu mgumu bila sababu. Si angeweka tu huo waya?

Shikilia hadithi hiyo, tutairudia.

Kazi ya Athi River

Miaka ikapita, nikaenda chuo kikuu, nikasoma sayansi ya tarakilishi, nikaajiriwa Nairobi. Mwaka jana kampuni yetu ilipata kazi katika kiwanda kimoja cha plastiki huko Athi River. Sitakitaja jina, haina haja. Walitaka programu ya kuonyesha kwenye kioo kila mashine inatumia stima kiasi gani.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Breka zao kubwa zina ubongo wa kielektroniki, na ubongo huo unaongea kwa Modbus, lugha ya mawasiliano ya mitambo iliyotoka mwaka 1979 na bado iko hai! Unavuta waya mbili za RS-485, unauliza breka swali, inakujibu kwa nambari: mkondo kwenye kila fezi, volti, na kumbukumbu ya mara za mwisho ilipokata. Kwa wiki mbili nilikuwa nimekaa kwenye kona ya chumba cha stima na kipakatalishi changu, nikifurahi kama mtoto.

Mle ndani alikuwamo fundi mkuu wa kiwanda, mzee aliyekaa hapo miaka mingi. Mimi nilimwita Mzee, yeye aliniita kijana. Hakupenda sana kuongea. Kila asubuhi aliweka kiganja chake juu ya mlango wa kila paneli kwa sekunde chache, kama daktari anayempima mtoto homa, kisha akaandika kwenye daftari lake. Nilidhani ni mambo ya kizamani. Si nilikuwa ninaye Modbus?

Ndani ya breka mna nini?

Kabla sijaendelea, acha nieleze kidogo.

Breka ndogo ya nyumbani haina programu. Ina vitu viwili. Cha kwanza ni ukanda wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Mkondo ukizidi, ukanda unapata joto, na kwa sababu metali moja hutanuka kuliko nyingine, unapinda polepole mpaka unafyatua swichi. Cha pili ni sumaku ya umeme. Shoti ikitokea, mkondo unakuwa mkubwa ghafla na sumaku inafyatua swichi papo hapo. Mjerumani Hugo Stotz wa Mannheim pamoja na mhandisi wake Heinrich Schachtner waliviweka viwili hivyo katika kidude kimoja katika miaka ya 1920, na breka za nyumbani zinafuata wazo hilo hadi leo.

Breka kubwa za kiwandani, zile za mamia na maelfu ya ampea, nyingi sasa zina ubongo wa kielektroniki badala ya ukanda na sumaku. Koili zilizozunguka kila fezi zinapima mkondo, na maikroprosesa inafanya hesabu ikiamua kama ikate au isubiri. Jambo lililonishangaza ni kwamba ubongo huo hauhitaji betri wala stima ya kando ili kulinda. Unajilisha kutoka kwa mkondo ule ule unaoupima. Mkondo mkubwa unaoleta hatari ndio unaoupa nguvu ya kukata.

Kwa mbele kuna vitufe vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi, na karibu navyo utaona herufi nne.

L ni ya mzigo uliozidi kwa muda mrefu. Hapa breka ina subira. Ikiwa mkondo umezidi kidogo, inasubiri dakika kadhaa, na ukizidi sana inasubiri sekunde. Inahesabu mkondo mara mkondo, kwa maana joto la waya linapanda hivyo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne, na muda wa kusubiri unashuka kufikia robo hivi.

S ni ya shoti, lakini kwa kuchelewa kidogo makusudi, sehemu ya kumi ya sekunde au tatu hivi. Kwa nini uchelewe wakati kuna shoti? Kwa sababu chini yako kuna breka nyingine ndogo iliyo karibu zaidi na shoti. Ukiwa breka ya juu, unampa mdogo wako nafasi akate kwanza. Akikata, mashine moja inazimika na kiwanda kinaendelea. Usipomsubiri, kiwanda kizima kinaingia gizani kwa sababu ya waya mmoja uliochubuka.

I ni ya papo hapo. Mkondo ukifika kiwango hicho, hakuna kusubiri mtu.

G ni ya athi. Ubongo unajumlisha mikondo ya fezi zote na nyutro. Jibu linatakiwa kuwa sifuri. Lisipokuwa sifuri, kuna umeme unaovujia ardhini. (Lakini usidhani G hii itakuokoa ukigusa waya! Mara nyingi inawekwa kwenye makumi au mamia ya ampea, kulinda mitambo na kuzuia moto. Ya kumlinda mtu ni breka nyingine, ile ya miliampea 30.)

Herufi iliyoniponza mimi ni L.

Mdudu

Breka tunayoizungumzia ilikuwa ya ampea 630, inayolisha ukumbi wa mashine. Kitufe chake cha L kilikuwa kwenye 0.6. Zidisha 630 kwa 0.6 upate 378. Yaani mtu, miaka kadhaa iliyopita, aliiambia breka hii: wewe ni wa 630, lakini jihesabu kuwa wa 378.

Asubuhi moja ya Jumatatu breka ikakata. Mashine za plastiki huwa na mapipa ya kuyeyushia, na kila pipa lina vipasha joto. Stima ikipotea kwa muda, plastiki inaganda ndani ya pipa na kuitoa ni kazi ya mikono. Meneja wa uzalishaji akaja mbio. Mzee akasubiri dakika mbili, akarudisha. Ikakata tena. Meneja akapiga kelele, ikarudishwa baada ya dakika moja tu. Ikakata mara ya tatu.

Mimi nilikuwa nimeketi pale pale na kipakatalishi, na programu yangu ilikuwa imenasa kila kitu. Mzigo ulikuwa karibu ampea 500 mara zote tatu. Lakini tazama muda: mara ya kwanza breka ilivumilia dakika 9 na nusu. Mara ya pili dakika 3 na nusu. Mara ya tatu dakika 2.

Mzigo ule ule, majibu matatu tofauti. Wewe mprogramu ungesema nini? Mimi nilisema kile tunachokisema siku zote: programu ikipewa kitu kile kile na kutoa majibu tofauti, ina mdudu.

Meneja akaniuliza mbele ya watu wote, "Wewe ndiwe mtu wa tarakilishi. Tatizo ni nini?"

Nikamwambia, "Ni breka. Programu yake ina kasoro."

Mzee alitikisa kichwa. "Kijana, breka hii haijawahi kunidanganya."

Nikamwonyesha grafu kwenye kioo. Grafu nzuri, yenye rangi. Mzee akaitazama kwa muda, akanirudia tena, "Haijawahi kunidanganya." Hakuwa na neno jingine la kuniambia, na mimi nilikuwa na grafu. Nani atashinda hapo?

Meneja akaamua kitufe kipandishwe kutoka 0.6 hadi 0.8 wakati mwenye breka anatafutwa aje kuikagua. 0.8 mara 630 ni 504. Mzee alisema yeye hatakizungusha. Aliyekizungusha ni fundi wa kandarasi aliyekuwa pale kwa kazi nyingine. Kisha Mzee akafungua daftari lake, akaandika tarehe, saa na nambari mbili, akanisukumia kalamu. "Weka sahihi, wewe uliyesema."

Nikaweka sahihi. Breka haikukata tena. Siku ile meneja alininunulia chakula cha mchana, nami nikajiona bingwa.

Siku ya 19

Siku ya 19 baada ya hapo, karibu saa kumi alfajiri, Mzee alisikia harufu. Watu wa stima wanaijua harufu ile, ya plastiki inayopikwa. Akafuata mtaro wa kebo nyuma ya ukumbi, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha chuma, akakitoa haraka. Akaenda moja kwa moja kwenye breka akaizima kwa mkono wake bila kumuuliza mtu yeyote.

Hakukuwa na moto. Nalishukuru hilo kila siku. Lakini walipofungua mtaro, ganda la kebo lilikuwa limekauka na kupasuka kwa urefu wa mita kadhaa, pale ambapo inapita karibu na kebo nyingine. Waliokuja kuipima walisema haiwezi kurudishwa kazini.

Ukumbi ukafungwa siku tatu. Mashine kusimama ni hasara ya kampuni, na kampuni ina bima na wahasibu. Lakini watu wengi wa zamu ya usiku pale ni vibarua wa kulipwa kwa siku. Hakuna kazi, hakuna pesa. Siku ile nilipofika asubuhi niliwakuta nje ya geti, akina mama na vijana, wakiambiwa warudi Alhamisi. Mama mmoja aliuliza kama nauli ya kuja na kurudi italipwa. Hakuna aliyemjibu, na mimi nilipita nikiangalia chini.

Usiku ule nilimpigia Baba nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja.

"Waya wenyewe ni mnene kiasi gani?"

"Sijui, Baba."

"Mmepandisha breka na hujui waya?"

"Nilikuwa naangalia breka."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, breka si ya mashine. Breka ni ya waya."

Nikakumbuka kile kinu cha posho cha Likoni. Kitu ambacho Baba alikataa kukifanya kwa waya mnene, mimi mwenye shahada nilikifanya kwa grafu yenye rangi.

Ndoo iliyotoboka

Siku iliyofuata nilifanya jambo ambalo ningelifanya kabla ya kufungua mdomo: nilisoma kitabu cha maelezo ya breka chote. Na huyo mdudu wangu nilimkuta humo, ameelezwa wazi, ana jina lake. Kumbukumbu ya joto.

Waprogramu mnaijua ndoo iliyotoboka? Ile njia tunayotumia kuzuia mtu mmoja asitume maombi mengi mno kwenye seva? Maji yanamiminwa juu, tundu chini linayatoa polepole, na ndoo ikijaa unamkatalia. Ubongo wa breka unafanya kitu cha namna hiyo. Maji yanayoingia ni mkondo mara mkondo, yaani joto. Tundu ni waya kupoa. Ndoo ikijaa, breka inakata.

Sasa fikiria: breka ikishakata, ndoo imejaa mpaka pomoni. Mzee akisubiri dakika mbili, maji yanapungua kidogo tu. Ukiwasha mzigo ule ule, ndoo inajaa kwa dakika 3 na nusu badala ya 9 na nusu. Ukisubiri dakika moja tu, inajaa kwa dakika 2. Hata wakati breka imekata na hakuna mkondo wa kuulisha ubongo, kumbukumbu hiyo inahifadhiwa kwa muda na kushuka polepole, kwa sababu waya nao unapoa polepole. Niliandika mistari 20 ya programu kuiga ndoo hiyo, nikaweka ampea 500 na kiwango cha 378, na nambari zikatoka karibu sawa na zile nilizonasa Jumatatu ile. Nilikaa nikizitazama kwa muda mrefu.

Breka haikuwa imepewa kitu kile kile mara tatu. Mara ya kwanza ilipewa waya uliopoa. Mara ya pili ilipewa waya moto. Mara ya tatu, waya moto zaidi. Mimi niliangalia mzigo peke yake, na breka ilikuwa ikikumbuka kitu ambacho sikukipima.

Na ile 0.6? Mhandisi aliyeiweka alikuwa amehesabu kwamba kebo ile, ikiwa mtaroni pamoja na kebo nyingine zinazoipa joto, isibebe zaidi ya ampea 400. 378 ni chini ya 400. Kitufe hakikuwa na uhusiano wowote na mashine. Kilikuwa ni barua kutoka kwa mtu aliyeijua kebo, na tuliyafuta maneno yake kwa bisibisi.

Fanya hesabu ya haraka pamoja nami. Ganda la PVC linatakiwa lisizidi nyuzi 70 za Selsiasi kazini. Tuseme mtaro una nyuzi 30, na ampea 400 zinaipandisha kebo nyuzi 40 mpaka 70 kamili. Ampea 500 ni mara 1.25 ya 400, na 1.25 mara 1.25 ni 1.56. Nyuzi 40 mara 1.56 ni 62. Jumlisha na 30, kebo iko karibu nyuzi 92. Haitawaka leo wala kesho. Itapikwa taratibu, usiku na mchana. Na breka iliyowekwa kwenye 504 itaitazama tu, kwa sababu kwake yeye 500 si kosa.

Kuna kitu kingine cha kukumbuka hapa. Hata breka iliyowekwa sawasawa haikati ukipita mstari kidogo tu. Kanuni za kimataifa za breka hizi, IEC 60947-2, zinataka breka ya zaidi ya ampea 63 isikate ndani ya saa mbili ikiwa kwenye mara 1.05 ya kiwango chake, na ikate ndani ya saa mbili ikifika mara 1.30. Katikati hapo hakuna ahadi. Kwa hiyo unapopandisha kitufe "kidogo tu", unapandisha na eneo lile la katikati pia.

Tulivyorekebisha

Sababu ya yote ilikuwa rahisi na ilikuwa machoni petu. Miezi michache kabla, mashine mbili mpya ziliongezwa kwenye ukumbi ule ule, na hakuna aliyeuliza kama kebo inazitosha. Kila Jumatatu mashine zote zilikuwa zikianza baridi baada ya wikendi, vipasha joto vyote vikiwaka kwa pamoja.

Kebo mpya iliwekwa mahali pa ile iliyopikwa, ya unene ule ule, na ya pili ya kugawana mzigo ilihitaji kuagizwa. Kitufe kikarudi 0.6. Lakini kiwanda kingeanzaje Jumatatu na ampea 378 tu?

Hapo ndipo niliporuhusiwa kufanya kazi yangu halisi. Niliandika programu ndogo inayowasha vipasha joto kwa zamu: mashine ya kwanza saa kumi na moja alfajiri, inayofuata baada ya dakika 20, na kuendelea. Pipa likishapata joto, linahitaji umeme kidogo tu kulibakiza hapo. Mzigo wa juu kabisa asubuhi ulishuka hadi ampea 350 na kidogo. Breka haikukata hata mara moja mpaka kebo ya pili ilipofika.

Nataka uone tofauti ya mambo hayo mawili. Mara ya kwanza tulimziba mdomo aliyekuwa akilalamika. Mara ya pili tuliondoa kilichomfanya alalamike. Na sisi waprogramu tunafanya lile la kwanza kila wiki! Seva inasema imechelewa, tunaiongezea muda wa kusubiri. Programu inatupa kosa, tunalizungushia mistari ya kulimeza. Majaribio yanakataa kupita, tunayafuta "kwa muda". Kwenye seva yangu utakachopoteza labda ni usingizi. Mtaroni Athi River kulikuwa na kebo, na juu yake kulikuwa na watu wa zamu ya usiku.

Kama una kiwanda, hoteli, au hata jengo la kupangisha lenye breka ya namna hii na inakata kila mara, uliza maswali haya kabla mtu hajashika bisibisi. Kwanza, ilikata kwa herufi ipi? Nyingi zinaonyesha kwa taa au kwenye kumbukumbu kama ni L, S, I au G. Kama ni S, I au G, usiirudishe mpaka kosa litafutwe. Pili, mzigo ulikuwa kiasi gani, na umeongezeka tangu lini? Tatu, swali la Baba: waya ni mnene kiasi gani, umelazwa wapi, na nani aliuhesabu? Kama hakuna anayejua jibu la tatu, kitufe kibaki pale kilipo na mhandisi aitwe. Na breka ikikata kwa L, ipe dakika za kupoa. Haikuchelewesheni kwa ukaidi.

Daftari

Siku ya mwisho ya kazi nilimwendea Mzee kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba ndefu. Alinisikiliza nusu, akafungua lile daftari kwenye ukurasa wenye sahihi yangu. Chini yake alikuwa ameandika siku ya kurudisha 0.6.

"Hii nayo inataka sahihi," akasema.

Nikaweka. Kisha akaniuliza kama ile programu yangu inaweza kumwonyesha pia joto la kebo, maana kiganja chake kinazeeka. Tumeweka vipima joto vitatu mtaroni. Kila asubuhi anaangalia nambari kwenye kioo, halafu bado anaenda kuweka kiganja.

Alinipa pia kipande cha lile ganda lililopasuka, kirefu kama kidole, kigumu kama mkate wa juzi. Kiko hapa mezani ninapoandika. Mteja akiniuliza "tatizo ni nini?" huwa nakishika kwanza kabla ya kujibu.

Baba nilimtumia pesa za viatu. Alicheka sana kwenye simu, akaniuliza ni viatu gani. Nikamwambia anavijua.

Haya, kwa leo ni hayo. Makala ijayo nitarudi kwenye mambo ya kawaida, na nikiweza nitaweka hapa ile programu ya ndoo ili ucheze nayo mwenyewe. Kama wewe ni fundi wa stima na umeona nimekosea mahali, niambie bila kuniogopa. Nimezoea sasa.